Mkarafuu wa Bwana, Muhogo wa Mtumwa

Kutoka kwetu Karusandara, wilayani Kasese, Uganda, ukiuzunguka mlima Rwenzori na kushuka upande wa pili hadi bonde la Semliki, unakaribia misitu ya Ituri. Huko ndiko msafiri Stanley alikowakuta, kati ya 1887 na 1889, wafanyabiashara wa pembe za ndovu aliowaandika kwa majina ya Ugarrowwa na Kilonga-Longa, pamoja na vikosi vya Wamanyema vilivyochoma vijiji ili kupata pembe na watu. Pembe zilibebwa vichwani hadi pwani, na fedha iliyotokana nazo haikulala sandukuni. Tippu Tip, aliyewapita wote kwa nguvu mashariki ya Kongo, alirudi kustarehe Unguja, na husimuliwa kwamba kufikia 1895 alikuwa na mashamba saba na watumwa wapatao 10,000. Moto uliowaka nyuma ya mlima wetu ulinunua mikarafuu.

Karusandara yenyewe haikuwahi kuwa na shamba la watumwa, na ni vizuri kulisema hilo mapema, maana siku hizi neno utumwa linatupwa kila mahali. Utumwa wa huku ulikuwa wa namna nyingine. Warasura, askari wa Kabalega mfalme wa Bunyoro, waliishika Katwe kwa ajili ya chumvi yake. Stanley alipopita 1889 aliwakuta, na 1891 Lugard, afisa Mwingereza, akajenga ngome hapo na kumweka Kasagama kwenye kiti cha Toro. Katika vita vya aina hiyo, ng'ombe na watu walichukuliwa kwa mkono mmoja. Mwanamke au mtoto aliyetekwa aliishia katika boma la mkubwa fulani, akachota maji, akalima, akachunga, akaozwa, na baada ya vizazi viwili au vitatu ukoo ulikuwa umemmeza. Hakuwa huru, na asidanganyike mtu kwamba alikuwa mgeni wa heshima. Lakini kazi yake ilikuwa na mpaka: chakula na fahari ya boma lile. Watu wakishiba, jembe huwekwa chini. Shamba la pwani lililimwa kwa ajili ya soko la Bombay na London, na soko halishibi.

Mkarafuu ulifika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Ulipandwa Mtoni na Kizimbani, na jina linalotajwa sana ni la Saleh bin Haramil al-Abry. Seyyid Said, sultani Mwomani wa Unguja, alipoiona faida, aliamuru kila mwenye ardhi apande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi. Waomani waliokuwa wakiishi kwa majahazi wakageuka wenye mashamba. Mti wenyewe una tabia ya kudai watu: huchukua miaka sita au saba kabla ya kuzaa, na katika miaka hiyo lazima upaliliwe; ukishazaa, karafuu huchumwa zingali tumba, maana zikifunguka thamani imekwisha. Kwa hiyo mwenye shamba alihitaji mikono michache kwa muda mrefu, kisha ghafla mikono mingi sana wakati wa mavuno. Njia aliyoichagua ni kumiliki mikono yote mwaka mzima.

Katika miaka ya 1860, kwa makadirio ya wanahistoria, watu kati ya 15,000 na 20,000 waliletwa Unguja kila mwaka, wengi wao kupitia Kilwa, kutoka Uyao na nchi za Ziwa Nyasa. Wengi hawakupelekwa Uarabuni kama tunavyopenda kusimulia. Walibaki visiwani na kwenye mwambao. Na waliendelea kuletwa kwa sababu waliotangulia walikufa mapema na kuzaa kidogo. Hesabu hiyo inaeleza hali ya shamba vizuri kuliko masimulizi ya mabwana wapole.

Ndani ya shamba kulikuwa na madaraja yake. Mwenyewe aliishi mjini, katika nyumba ya mawe, akaja shamba wakati wa mavuno na familia yake, kula matunda na kuhesabu magunia. Aliyekaa shamba ni msimamizi, mara nyingi mtu huru. Chini yake alikuwepo nokoa, na chini ya nokoa, kadamu. Hawa wawili walikuwa watumwa wenyewe. Nokoa ndiye aliyegawa kazi alfajiri, ndiye aliyejua nani mgonjwa na nani anajifanya, na ndiye aliyeshika fimbo. Mpango huo wa kumpa mtumwa fimbo dhidi ya mtumwa mwenzake ulimwokolea bwana gharama kubwa, na pia ulimfanya nokoa awe mtu wa kutegemewa na pande zote mbili. Kuna mambo bwana hakuyasikia kwa sababu nokoa aliamua asiyasikie.

Watumwa wenyewe hawakuwa kitu kimoja. Aliyeletwa karibuni kutoka bara, asiyejua Kiswahili wala sala, aliitwa mjinga. Aliyezaliwa pwani aliitwa mzalia, na mzalia alimtazama mjinga kwa jicho lile lile ambalo mwungwana alimtazamia yeye. Mtumwa wa nyumbani alijiona yuko mbali na mtumwa wa shamba. Wengine waliachiwa wajitafutie vibarua mjini, kuchukua mizigo au kusafisha sandarusi, kisha wakamletea bwana nusu ya ujira. Ngazi hizi zote zilikuwa na kazi moja: kumfanya kila mtu awe na wa chini yake wa kumdharau, asiangalie juu.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo ningeomba msomaji alikalie. Katika mashamba ya karafuu, desturi ilimpa mtumwa siku mbili zake mwenyewe katika juma, Alhamisi na Ijumaa, na kipande cha ardhi cha kupanda muhogo, viazi na kunde. Siku tano zilikuwa za bwana. Hakuna sheria ya Sultani iliyoandika hivyo. Ilikuwa mila tu, lakini mila iliyojulikana na wote, na bwana aliyeivunja alijua kwamba watu wake wangetoroka, au wangeugua wote asubuhi moja. Wakati wa mavuno, akitaka kazi siku ya Ijumaa, aghalabu ilibidi atoe malipo kidogo.

Ukiitazama haraka, desturi hii inafanana na huruma. Lakini piga hesabu kwa jicho la mwenye shamba. Mtu anayejilisha kwa muhogo wake hahitaji kununuliwa mtama. Mwenye kibanda na mihogo isiyokomaa atafikiri mara mbili kabla ya kukimbia, kwa sababu akikimbia anaiacha. Bei ya karafuu ilipoporomoka kutokana na kila mtu kupanda, na wenye mashamba wakazama katika madeni kwa wakopeshaji wa Kihindi, kilichowaweka hai ni huo muhogo wa watumwa wao. Na kwa upande wa mtumwa, siku mbili zile ndizo zilizokuwa maisha yake: ndizo alizouzia mazao sokoni, akanunua nguo, akafuga kuku, akaoa, akacheza ngoma. Kila upande uliivuta mila kwake. Bwana alitaka ziwe siku mbili za kujilisha. Mtumwa alitaka ziwe siku mbili za kuwa mtu.

Malindi mambo yalikwenda tofauti kidogo. Mji huo ulifufuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1860, chini ya Sultani Seyyid Majid, na mashamba yake makubwa yalilima mtama na ufuta wa kusafirishwa ng'ambo. Nafaka haina subira ya mkarafuu: kuna kulima, kupanda, kupalilia, kuamia ndege, kuvuna, kupura. Huko kazi iligawanywa kwa ngwe, kila mtumwa na kipande chake kilichopimwa, na nokoa akipita nyuma. Wakulima wa Karusandara watalielewa hili bila kuelezwa. Mwenye mahindi au pamba akimwita mtu wa lejaleja, yaani kibarua wa siku, humpimia kipande kwa hatua au kwa kamba. Ukikimaliza saa nne asubuhi, unapokea chako na kwenda zako. Kipimo ni kile kile. Tofauti ni kwamba mtu wa lejaleja, akiona kipande kimepimwa kwa hila, hubeba jembe lake na kwenda kwa jirani, na habari za mpimaji yule huenea hadi Kasese mjini kabla ya jua kuzama. Mtu wa ngwe hakuwa na jirani wa kumwendea.

Isipokuwa alipoamua kutafuta jirani wa mbali. Nyuma ya Malindi na Mombasa, katika vichaka vya bara, watoro walijenga vijiji vyao, Fuladoyo kikiwa maarufu kuliko vyote, wakalima na kujilinda kwa silaha. Wengine walikimbilia kwenye misheni ya Rabai, wakajificha miongoni mwa Wakristo, mpaka wenye watumwa walipotishia vita. Januari 1889 kampuni ya Waingereza iliwalipa mabwana fidia, na watu zaidi ya 1,400 wakapata hati za uhuru. Walikuwa wamejikomboa kwa miguu yao muda mrefu kabla ya karatasi hizo. Fidia ilikwenda kwa waliokimbiwa.

Waliobaki shambani walijenga maisha, na maisha hayo yalikuwa na adabu zake. Majina kwanza. Mtu aliyefika na jina la ukoo wake wa Kiyao alipewa jingine: Mabruki, Farajala, Uledi, Almasi, Marijani, mwanamke akaitwa Zafarani. Mengi ni majina ya baraka, vito na manukato, majina mazuri kabisa, na uzuri wake ndio unaokera, kwani mwungwana hakumwita mwanawe hivyo. Jina lilitangaza daraja kabla mtu hajafungua mdomo.

Nguo nazo zilitangaza. Mwanamke mtumwa alijifunga kaniki nyeusi au merikani, kichwa wazi. Mwanamume hakutarajiwa kuvaa kofia wala viatu mbele ya bwana wake. Ushungi, barakoa na mwavuli vilikuwa vya waungwana. Ukitaka kujua watu wa shamba walikuwa wakiota nini, usiwaulize wanasiasa. Tazama walichonunua walipopata fedha. Kanga zilipoingia madukani kuelekea mwisho wa karne ya 19, wanawake waliotoka utumwani waliitupa kaniki na kuzigombania, na baadaye wakajitanda buibui kama mabibi zao wa zamani. Waandishi fulani wa kizungu waliliona jambo hilo kama upuuzi wa wanawake wapenda mapambo. Mimi naona walifahamu vizuri kuliko mahakama ni wapi utumwa ulikuwa umeandikwa.

Ndoa ilihitaji idhini ya bwana, naye alitarajiwa kusaidia mahari na kuigharimia harusi. Mtoto alimfuata mama: akizaliwa na mjakazi, alikuwa mali ya bwana wa mjakazi, hata kama baba ni mtumwa wa shamba la jirani. Lakini suria aliyemzalia bwana wake hakuweza kuuzwa tena, aliachwa huru bwana akifa, na mtoto wake alikuwa huru na mrithi kamili. Watoto aliowaacha Seyyid Said alipofariki 1856, wakiwemo masultani waliomfuata, walizaliwa na masuria. Kwa hiyo damu ya mtumwa na damu ya mfalme zilikaa katika nyumba moja, na jambo hilo halikumzuia yeyote kulitumia neno mtumwa kama tusi. Mpaka leo katika miji ya pwani, ugomvi ukipamba moto, kuna mtu atakumbushwa bibi yake alikuwa nani.

Na ngoma. Wanawake waliotoka nchi za Nyasa na Uyao walikuja na unyago wao, mafunzo ya msichana aliyevunja ungo, chini ya somo wake, kwa ngoma na nyimbo ambazo wanaume hawazisikii. Mabibi wa Kiarabu waliwacheka, kisha wakaanza kuwaalika, kisha wakawapeleka binti zao. Bi Kidude, ambaye dunia ilimjua kwa taarabu, aliishi miaka mingi kwa kazi hiyo ya unyago. Katika mambo yote niliyoyataja, hili ndilo lililopanda ngazi kwenda juu: mila ya mjinga wa bara ikawa mafunzo ya bibi harusi wa mjini. Sijui kisasi kitamu kuliko hicho.

Dini pia waliigeuza wakaikalia. Mabwana wengi Waomani walikuwa Waibadhi. Watumwa na wazalia walisali Kisunni, na tarika ya Qadiriyya, iliyoenezwa visiwani katika miaka ya 1880 na Sheikh Uways wa Barawa, iliwafungulia zikri ambamo bega la mzalia liligusana na bega la mwungwana, wote wakivuta pumzi moja. Msikitini mtu angeweza kukalishwa nyuma. Katika duara la zikri hakuna nyuma.

Tuje kwenye sheria, ambayo vitabu vya shule huipa nafasi kubwa kuliko inavyostahili. Juni 1873 Sultani Seyyid Barghash alisaini mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini, na soko la watumwa la Mkunazini, mjini Unguja, likafungwa. Kanisa la Waanglikana likajengwa mahali pale. Mwaka mmoja kabla, 1872, kimbunga kilikuwa kimeing'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuiacha Pemba, hivyo Pemba ikapanda watu na miti wakati ule ule ambapo watu walikuwa wakizidi kuwa ghali. Hadhi ya utumwa kisheria iliondolewa Unguja na Pemba Aprili 1897, lakini kwa masharti: mtumwa ilibidi aende mwenyewe mahakamani kudai uhuru, aonyeshe ana mahali pa kukaa na njia ya kuishi, na bwana wake alipwe fidia. Masuria waliachwa nje hadi 1909. Mwambao wa Kenya ulisubiri hadi 1907, Tanganyika hadi 1922.

Fikiria hesabu aliyoikabili mtu wa shamba mwaka 1897. Akienda mahakamani, anapata karatasi na kupoteza kibanda, muhogo, na bwana wa kumzika. Asipokwenda, anabaki na vyote na siku tano za kazi. Wengi hawakwenda, na Waingereza wakaandika kwamba watumwa wameridhika. Kumbe walikuwa wakijadiliana papo hapo shambani, bila hakimu: siku tano zikashuka hadi nne, hadi tatu, uchumaji ukalipwa kwa pishi, anayetaka kuhama akahamia kwa bwana mwingine mwenye upungufu wa watu. Mabwana walijua kwamba bila wao karafuu zitachanua mtini. Kilichomaliza utumwa wa shamba, kwa maoni yangu, ni majadiliano hayo ya asubuhi kati ya nokoa na watu wake kuliko tamko lolote lililosomwa barazani.

Hata hivyo mabwana walishikilia mambo mawili. La kwanza ni uhusiano wenyewe: kwa sheria ya Kiislamu aliyemwacha huru mtumwa huwa na haki juu yake, anaweza kuwa walii wa mwanamke aliyeachwa huru akiolewa, na akamrithi asipokuwa na warithi. Watu walijenga nyumba za udongo Ng'ambo ya mji wa Unguja, wakafa, na familia ya bwana wa zamani ikatokea kwa kadhi kudai nyumba. Ng'ambo ilijibu kwa namna yake. Mwaka 1928 wakazi wake waligoma kulipa kodi ya viwanja, na mwaka huo huo Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba katika familia yenye asili ya utumwa, alikwenda Bombay kurekodi nyimbo zake kwa Kiswahili. Mtoto wa mfinyanzi sasa alikuwa akisikilizwa kwenye santuri katika nyumba ambazo mama yake angeingilia mlango wa nyuma.

La pili ni miti. Mila ya visiwani iliitenganisha ardhi na kilichopandwa juu yake. Mtu aliyetoka utumwani aliruhusiwa kukaa chini ya mikarafuu, kulima muhogo, mpunga, kunde, bila kodi au kwa kupalilia tu. Alichokatazwa ni kupanda mti wa kudumu. Mnazi mmoja au mkarafuu mmoja ungekuwa dai la umiliki, na kila upande ulilijua hilo. Hata huku kwetu anayekodi shamba kwa msimu hupanda mahindi na maharage, na mwenye ardhi akiona miche ya kahawa humwita haraka wazungumze. Vizazi viwili baada ya 1897, wajukuu wa watumwa walikuwa bado wanakula muhogo chini ya miti ya wajukuu wa mabwana. Katika miaka ya 1950 siasa za vyama zilipoingia shambani, wenye mashamba wengine walianza kuwafukuza waliokaa kwao kwa kuchagua chama kisichowapendeza, na waliofukuzwa waling'oa mihogo yao na kuondoka, kwani hicho ndicho kitu pekee kilichokuwa chao.

Baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964 serikali ya Rais Karume iliitwaa ardhi yote, na kuanzia 1965 mashamba yakagawiwa watu kwa vipande vya eka tatu tatu, pamoja na mikarafuu iliyomo. Aliyepewa eka tatu aliweza hatimaye kupanda mti kwenye udongo alioupalilia babu yake. Kuuza alichochuma lilikuwa jambo jingine. Mnunuzi alikuwa mmoja tu, shirika la serikali, kwa bei iliyopangwa na serikali, na Mpemba aliyezipakia karafuu zake kwenye mashua usiku kuzivusha Mombasa, kulikokuwa na bei nzuri zaidi, alihesabiwa mhalifu.